Mlango wa Madam wa Orofa ya Nne

Leo nimeulizwa swali na mtu aliyelala kwenye machela.

Kwetu Kitale, mlango wa jirani usipofunguka mpaka saa nne asubuhi, unaenda kubisha hodi. Si umbea. Ni utu.

Mwezi jana, kwenye hili jengo ninalolinda hapa Mankhool, huku Uarabuni, siku mbili zilipita bila kumwona madam wa orofa ya nne. Ni mama Mwingereza, mzee, anaishi peke yake.

Nikapanda, nikabisha. "Madam, uko salama?"

Alikuwa mzima, tena na nguvu za kuandika malalamiko kwamba "yule mlinzi" anamfuatafuata.

Sir, msimamizi wetu wa walinzi, akaniita. "Wewe si ndugu yake. Usiguse mlango wa mtu bila kuitwa. Khalas, imeisha." Nikatia sahihi barua ya onyo.

Haya, nikajifunza.

Juzi sikumwona. Jana pia. Nikakaa kwenye kiti changu nikitazama lifti, kama nilivyofunzwa.

Leo asubuhi dada anayemfanyia usafi amefungua na ufunguo wake, nikasikia mayowe. Madam alikuwa ameanguka bafuni tangu juzi. Nyonga imevunjika.

Watu wa ambulensi walipomshusha kwenye machela, alinishika mkono wa shati. Sauti imemkauka.

"Joseph, mbona hukubisha?"

Kumbe jina langu alilijua.

Nikasema, "Sorry, madam." Barua yangu iko hapa kwenye droo.

Nyinyi mlio huku, mngemjibu nini?