Nyasi Nilizoshindilia Kwenye Gata ya Mama

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa juu ya ngazi nyumbani kwetu Kaagya, nimekumbatia tita la nyasi kifuani na kujiona fundi kuliko mafundi wote. Nakusimulia kwa sababu umekuja kuniuliza ununue wavu gani wa kufunika gata za nyumba yako ya Kitendaguro, majani yasiingie kwenye tangi. Nitakujibu. Ila kwanza keti unisikilize, maana habari yenyewe hainipambi hata kidogo.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Baba alikwisha fariki, tukamlaza pale pale kibanjani, kati ya migomba yake. Mama alibaki na nyumba ya bati na nyonga mbovu. Chemchemi ilikuwa bondeni, nawe unaijua ile njia: kushuka unashikilia migomba, kupanda unashikilia roho. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa na kazi Bukoba mjini, alitaka kumchukua akaishi naye. Mama akakataa kumwacha Baba peke yake. Mwisho wakakubaliana kwamba maji yakipatikana nyumbani atabaki, lakini akionekana tena na ndoo kwenye njia ile, atahamia mjini. Mimi nikajipiga kifua. "Hilo la maji niachieni," nikasema.

Tukamleta Mzee Kaiza, fundi bati wa Kemondo. Akafunga gata, mfereji wa bati wa kukinga maji ya paa, akashusha bomba hadi kwenye tangi la saruji. Alipomaliza akautazama mparachichi ulioinamia paa, akatikisa kichwa. Kuukata haikuwezekana, aliupanda Baba. Akaniambia nitafute kipande cha wavu wa kuanikia kahawa, nikilaze juu ya gata, na kila Jumamosi nipande kupangusa majani.

Dukani wavu haukuwepo; siku zile ukiingia dukani ulikuta rafu na muuzaji tu. Kuomba kwa jirani niliona haya. Na kupanda ngazi kila Jumamosi, mimi, kiongozi wa vijana wa kijiji, mwenye mikutano yangu? Nikawaza: sisi tunachuja juisi ya ndizi kwa nyasi tangu enzi za mababu, tukitaka rubisi, pombe yetu ya ndizi, iwe safi. Juisi inapita, makapi yanabaki. Maji ya mvua yana nini cha ziada? Nikashindilia tita moja kwenye mdomo wa bomba, mengine nikayalaza ndani ya gata kutoka kona hadi kona. Mvua ya kwanza ikanyesha, maji yakaingia tangini safi kabisa. Nikatamba kijiji kizima. Mbio za sakafuni, mwanangu, huishia ukingoni.

Nyasi zilivimba, zikaoza. Majani ya mparachichi yakajibandika juu yake. Gata ikajaa, maji yakawa yanamwagikia ukutani na tangi likakauka wakati mvua inanyesha. Mimi sikuwa na habari, kwa kuwa wiki zile nilikuwa shamba la kijiji nikiwahimiza wenzangu wafanye kazi kwa bidii. Mama alijua. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hakutaka niaibike mbele ya kaka yangu. Akawa anachukua kidumu kidogo na kushuka chemchemini alfajiri, kabla majirani hawajatoka.

Jumamosi moja, nikirudi nyumbani, nilimkuta katikati ya mteremko. Ameketi kwenye tope, kanga imelowa, kidumu kimebingirika hadi migombani. Hakulia. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Bojo, tafadhali, usimwambie kaka yako." Nimeona mengi katika maisha haya, lakini aibu ya asubuhi ile haijanitoka. Nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na nililia njia nzima.

Kaka nilimwambia mwenyewe. Akaja, hakunigombeza, akamchukua Mama na begi lake. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ubaya ni kwamba nyonga iliyoumia haikuwa yangu.

Nikaenda Kemondo kwa miguu, kwa Mzee Kaiza. Alinipa kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote mwenye heshima zake, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kidogo.

"Kijana, umewahi kumwona mchuja juisi akaweka nyasi zake akaenda kulala?"

"Hapana, waitu," nikajibu kwa heshima.

"Anasimama pale pale. Zikilowa anazikamua, zikichoka anazitupa, anaweka nyingine. Wewe umechukua nyasi zake, mikono yake umeiacha."

Akanigawia kipande cha wavu wake mwenyewe, akanionyesha namna ya kuufunga. Nikarudi, nikazoa uoza wote, nikaufunga. Na kila Jumamosi nikapanda, iwe kuna mkutano au hakuna. Wenzangu wakanitania kwamba nimeolewa na ngazi.

Baada ya miezi kadhaa Mama alikuja kutazama, kaka yuko nyuma yake na uso wa hakimu. Tangi lilikuwa limejaa pomoni. Mama hakulitazama. Alinishika mkono wa kulia, akaugeuza, akaziangalia kucha zangu, nyeusi kwa uoza wa majani. Kisha akamgeukia kaka: "Ingiza begi langu ndani." Aliishi pale hadi Mungu alipomwita, na leo amelala kando ya Baba.

Basi turudi kwenye swali lako. Kabla hujaenda dukani, simama uani utazame ni mti gani unaokuangushia majani, kisha nunua wavu wa chuma usioshika kutu, wenye matundu ambayo punje ya kahawa haipiti. Ukichukua mwembamba sana, kama wa mbu, vumbi na maua vitauziba, na maji yatarukia nje. Uulaze kwa mteremko kufuata paa, majani yateleze yenyewe, na uufunge kwa waya, usiupigilie misumari, maana siku utakayotaka kuufungua itafika. Hakikisha pia gata inateremka kuelekea kwenye bomba. Muuzaji atakuapia kwamba ukishaweka wavu wake hutapanda ngazi tena maishani. Mnunulie soda, umshukuru, usimwamini. Wavu unakupunguzia kazi, haukuondolei. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na aliye ndani ya nyumba yako ndiye atakayelipa uvivu wako, tena kwa kimya, kwa kuwa anakupenda. Usingoje akwambie tangi limekauka. Panda ukaangalie mwenyewe.

Nenda, mwanangu. Mungu akunyeshee mvua ya kiasi, maji yako yawe matamu kwa kila atakayeyanywa, na akupe magoti ya kupanda ngazi hata kichwa chako kikijaa mvi kama changu.