Gia Sita za Mbaruk wa Halua

Mbaruk Nizar hupika halua pale Wawi, kisiwani Pemba, na kazi ya halua inamaliza mikono ya mtu, haimalizi akili. Mwiko unazunguka ndani ya sufuria kubwa ya shaba, wanga unaanza kushika, sukari inatokota, na kwa muda wote huo huna ruhusa ya kwenda popote. Wapishi wengine huleta nyiradi za kumtaja Mungu, wengine husengenya. Mbaruk alikuwa akilinganisha magari ya spoti.

Si kwamba alikuwa nayo. Yeye alikuwa na pikapu kongwe ya kusambazia halua, mlango wake wa kushoto umefungwa kwa kamba ya usumba. Lakini simu aliiegemeza kwenye kopo la iliki, na ndani ya simu mlikuwa na magari yaliyokwishatumika Japani, mengi kuliko mikarafuu, naye akayapanga na kuyapangua kutwa. Aliyelazimika kuyasikiliza yote hayo ni jirani yake Suhail, mwenye Noah ya kukodisha, ambaye alikuja kila siku kwa ajili ya ukoko wa sufuria na hakuweza kuondoka kabla haujakwanguliwa.

Ugomvi ulianzia kwenye Altezza. Suhail aliuliza, ikiwa zote ni CC elfu mbili, tofauti iko wapi? Mbaruk alimtazama kama mtu aliyeuliza tofauti ya halua na uji. Iko yenye pistoni sita, laini, inakwenda kama inabembelezwa, na iko yenye pistoni nne, yenye hasira, na hiyo ndiyo iliyopewa gia sita za mkono. Ukubwa wa injini mmoja, tabia mbali mbali. Wakahamia kwenye Celica, na huko wakakuta CC elfu moja na mia nane za namna mbili, moja ya kwendea sokoni na moja inayongoja uikanyage sawasawa ndipo iamke. Kwa Suhail kila gari ilikuwa na jibu moja tu, otomatiki. Mguu wa kushoto Mungu kaupa mapumziko, kwa nini mtu autese na klachi? Mbaruk akasema mwenye otomatiki haendeshi, anapelekwa, na kwamba kwa milima na kona hizi otomatiki ya zamani hubadilisha gia pale pale usipotaka. Siku moja walibishana mpaka halua ikaungua chini. Ile Mbaruk aliila mwenyewe wiki nzima, na hakuungama kwa mtu kuwa imeungua.

Baada ya miezi ya mabishano hayo, moyo wake ulitua kwenye Roadster, kigari kifupi, chepesi, chenye paa la turubai la kukunja. Napo palikuwa na injini mbili: ya elfu moja na mia sita yenye gia tano, na ya elfu moja na mia nane yenye gia sita. Suhail akataka kujua, kwenye kisiwa ambacho ukichangamka kidogo unaiona bahari ya upande wa pili, hiyo mia mbili ya ziada ataipeleka wapi. Mbaruk akajibu kwamba hataki mbio. Anataka gari ipande mlima bila ya kulalamika, na anataka gia zilizokaa karibu karibu, kila mwinuko upate gia yake. Tena kwa hilo, tukitaka kusema haki, alisema kweli.

Sababu yenyewe hasa hakumwambia Suhail. Sababu ilikuwa Afra, binti yake wa pekee. Mamake alifariki Afra angali mdogo, na Mbaruk akawa anazunguka naye kwenye pikapu, mtoto amepakata makawa ya ukindu yenye halua, akimwamrisha babake sasa tia gia, sasa toa. Katika safari moja ya namna hiyo alimwahidi kwamba siku ya harusi yake atatoka nyumbani kwa gari ya spoti, na dereva atakuwa yeye mwenyewe. Na hapo ndipo palipokuwa na ujanja wa Mbaruk. Kwa desturi baba hampeleki bintiye kwa mume. Biharusi anapelekwa na wanawake, na baba hubaki nyumbani akijifanya anahesabu mikeka. Lakini dereva je? Dereva hana anayemhesabu. Kwa hiyo alijipangia siku nyingi kuwa safari ile ya kutoka Wawi mpaka Tibirinzi, kwa kina mume, itakuwa yake na mwanawe, wawili peke yao. Haikuwa safari ndefu, ila hakuwa na jambo jengine alilolitaka zaidi.

Mwaka ule mikarafuu yake ilizaa sana. Gari ikaagizwa, ikashuka bandari ya Mkoani, nyekundu, ya CC elfu moja na mia nane, gia sita. Afra alikuwa ameshawekwa ndani kwa ajili ya harusi, kwa hiyo aliichungulia kupitia dirishani, na waliokuwa karibu naye wanasema alilia na kucheka kwa pamoja. Mbaruk alisimama ubavuni mwake akiifuta vumbi ambalo halikuwapo.

Kisha akaja Bi Thuraiya kuiona. Huyu ni dada mkubwa wa Mbaruk, nesi mstaafu, aliyezunguka Pemba nzima akiendesha Landrova ya chanjo, mpaka Makangale, zamani hizo barabara ya huko ikiwa barabara kwa jina tu. Yeye ndiye aliyemlea Afra, na yeye ndiye aliyekuwa somo wake kwenye harusi. Aliizunguka gari pole pole, akafungua mlango, akachungulia nyuma ya viti, akakuta ukuta wa bati.

"Gari nzuri, mashaallah," alisema. "Weye utakaa hapa, ntoto atakaa pano. Na mie n'kae wapi?"

Mbaruk alikuwa amelinganisha kila kilichomo ndani ya magari yale, pistoni kwa pistoni, gia kwa gia, isipokuwa viti. Alipoviona viwili alifurahi, kwa sababu hesabu yake ilikuwa ya watu wawili. Biharusi haachani na somo wake. Somo ndiye anayemvisha, ndiye anayemshika mkono kutoka mlango wa kwao mpaka mlango wa chumba, na kumpandisha gari peke yake na dereva mwanamme, hata dereva huyo awe babake, ni jambo ambalo Wawi ingelizungumza mpaka wajukuu. Mbaruk alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini maisha yake yote katika harusi amekaa upande wa wanaume, nyuma kabisa, na mambo ya mbele hakuwahi kuyapimia nafasi.

Suhail hakumcheka siku ile. Alianza kumcheka siku ya pili yake. Akajitolea na Noah yake, ina nafasi ya biharusi, somo na nusu ya Wawi, na tena, akaongeza taratibu, ni otomatiki.

Bi Thuraiya aliingia ndani kuzungumza na Afra, wakakaa sana, akatoka na jibu. Mtoto atatoka kwa gari ya babake, hataki nyengine, na atakayeendesha ni somo mwenyewe. Kuendesha anajua, leseni anayo, na gia alizitia hata kwenye matope ya magoti. Wanawake wengine watapanda Noah. Hapakuwa na la kupinga. Mbaruk akampa dada yake ufunguo, akasema ni shauri zuri, akarudi jikoni kukoroga halua ya harusi ya mwanawe. Ilimuuma vibaya sana. Siku hiyo Suhail alikula ukoko wake na hakutaja gari.

Harusi ikafika. Baada ya sala ya alasiri, uani pakajaa mikeka na watu, na gari ikawa imesimama mbele ya ukumbi wa nyumba, pua yake imeelekea ukutani. Afra akatolewa amefunikwa shela, vigelegele vikapanda, akatiwa kwenye kiti cha kushoto. Bi Thuraiya akashika usukani, akawasha, akaanza kuhangaika na mkono wa gia. Huku haingii, kule haingii. Gari ikasogea mbele, karibu ibusu ukuta. Wanawake wakaanza kutazamana. Bi Thuraiya akazima, akashuka, akamwita Mbaruk aliyekuwa anahesabu mikeka.

"Njoo ututolee gari hino," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Rivasi yake siioni. Itoe mpaka barabarani tu, hapo n'taipokea mwenyewe."

Kutoka ukumbini mpaka barabarani ni ujia mwembamba tu kati ya migomba. Mbaruk akaingia, akafunga mlango, akatia rivasi mara moja. Akageuka kutazama nyuma, na kwenye gari ile, ukigeuka kutazama nyuma, unautazama kwanza uso wa aliyekaa kushoto. Afra alikuwa ameinua shela kidogo.

"Baba," alisema, "shangazi kaiona rivasi. Imechorwa hapo juu ya gia. Mie ndiye n'liyemwambia asiione."

Mbaruk akaachia klachi nusu tu, gari ikawa inatambaa kinyumenyume kwa hatua za mtoto, injini yote ile ya elfu moja na mia nane ikinong'ona. Kule barabarani Suhail, na Noah yake iliyojaa wanawake, akapiga honi kuwahimiza.

"Mwache apige," alisema Afra.