Mnyororo Uliopungua Pingili Moja

Siku yangu ya kwanza kazini sikuwa nimeajiriwa. Nalitaja hili mapema kwa sababu vijana wanaonijia kuuliza habari za upimaji wa ardhi hudhani kwamba mtu alipewa barua kwanza, kisha kazi. Wakati wetu, miaka ile ya vita, kazi ndiyo iliyotangulia. Ulifanya juma zima la majaribio, Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumamosi adhuhuri Bwana Mpima alifungua daftari akaandika jina lako, au alikushukuru ukaenda zako.

Nilitoka Chaani kungali giza, nikavuka Makupa kwa miguu, nikakatiza kisiwa mpaka kivukoni, na nilipofika Likoni jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Kwa miaka mitatu nilikuwa kibarua wa magunia bandarini. Kibarua husimama langoni kila alfajiri na kuinua mkono ili achaguliwe, na asipochaguliwa hurudi kwao. Mtu aliyeandikwa na Bwana Mpima hakuinua mkono tena. Hicho ndicho nilichokuwa nikikitafuta, na sikuwa na mlango mwingine wa kukipatia. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, na hesabu za sehemu nilizipata katika kitabu kisichokuwa na jalada.

Aliyenipeleka alikuwa nyapara wa Bwana Mpima, Mzee Kombo wa Kisauni, mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyewahi kufanya kazi na baba yangu. Alinisimamisha mbele ya Bwana akasema, "Huyu namjua kwao. Hasemi sana na haibi."

Bwana Mpima alikuwa Mzungu mwembamba mwenye leseni yake mwenyewe. Alikuwa amepewa kazi ya kuweka mipaka ya mashamba yaliyopakana na barabara ya Likoni, kwa kuwa jeshi lilitaka barabara ipanuliwe haraka. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata lakini kilieleweka. "Hasemi sana ni vizuri," alijibu. "Lakini akiona kitu, aseme." Wakati ule niliyachukua maneno hayo kama salamu tu.

Yafaa nieleze chombo chenyewe. Tulipima kwa mnyororo wa chuma wenye urefu wa futi sitini na sita. Mnyororo huo ulikuwa na vipande mia moja vilivyo sawa, na kila kipande tulikiita pingili, kama za muwa. Pingili moja ni pungufu kidogo ya shibiri. Baada ya kila pingili kumi palining'inia kibao cha shaba, ili mpimaji asihesabu moja moja bali atazame vibao. Kila mwisho ulikuwa na kishikio. Mtu mmoja alishika kishikio cha mbele akachoma mshale wa chuma ardhini, mwingine wa nyuma akaufuata mshale ule, wakaenda hivyo mnyororo baada ya mnyororo. Kwenye pembe ya shamba palichimbwa shimo na kusimamishwa jiwe la mpaka kwa saruji. Saruji ikishakauka, jiwe lile ndilo sheria.

Jumatatu nilibeba fito za kulengea, zile zenye rangi nyekundu na nyeupe. Jumanne mshika mnyororo wa nyuma alishikwa na homa, nami nikapewa nafasi yake. Jioni, kazi ilipokwisha, niliachiwa mnyororo niukunje.

Kuukunja kuna utaratibu wake. Unashika kibao cha katikati, kisha unachukua pingili mbilimbili, moja ya kulia na moja ya kushoto, mpaka vishikio viwili vinakutana. Bwana mwenyewe alikuwa amenionyesha asubuhi ile, pingili chache za mwanzo tu. Basi nilikunja, na vishikio havikukutana. Cha kulia kilifika, na upande wa kushoto ikabaki pingili moja isiyo na mwenzake. Nikadhani nimekosea. Nikaufungua nikakunja tena. Ikabaki ile ile.

Wachukuzi wa fito waliniona. "Karisa, mnyororo huo si ushanga!" mmoja alipiga kelele. "Unamtengenezea nani?"

"Mwacheni," mwingine akasema, "anahesabu siku zake za kufukuzwa."

Walicheka, nami nikacheka nao. Walipoondoka niliuinamia nikahesabu kibao kwa kibao. Kati ya kibao cha tatu na cha nne palikuwa na pingili tisa. Pale pale palikuwa na kiungo kipya, cheusi, kilichopigwa nyundo na mtu asiye na haraka. Nikatambua pia kwa nini Jumatatu yule mwenye homa hakuukunja, bali aliuzungusha mkononi kama kamba ya ng'ombe: angeukunja, upungufu ungeonekana.

Nilimfuata Mzee Kombo kivukoni, nikamweleza. Hakushangaa. Alitazama pembeni, akanivuta mbali na watu.

"Umekuja jana, mwanangu, leo ushaanza kuhesabu pingili?"

"Nilikuwa nakunja tu, mzee."

"Sikiza. Lori la jeshi liliukanyaga, juma lililopita, pale penye foleni ya kivuko. Mimi ndimi niliyeulaza njiani, na Bwana alikuwa amekataza. Nikampelekea mhunzi akauunga. Pingili iliyopondeka aliitupa, na mimi sikujua mpaka ilipokwisha kazi." Alinyoosha kiganja chake, kidole gumba na cha mwisho. "Hiki ndicho tunachokizungumza. Shibiri, na haitimii."

"Katika mnyororo mmoja, mzee. Katika kumi ni zaidi ya futi sita."

"Wajua hesabu, ahsante." Akakikunja kiganja. "Wallahi sikukatazi kusema. Nakwambia ungoje Jumamosi. Jina lako likishaandikwa, sema, nami nitasimama nawe. Ukisema leo, wewe si mtu wake. Ni mpita njia aliyekuja kumwambia kazi yake mbovu. Atakushukuru, kisha atamchukua mwingine. Na mimi nina watoto sita."

Maneno yale yalikuwa na akili ndani yake, wala sitayadharau leo kwa kuwa nimestaafu na sihitaji kazi ya mtu. Mwajiri ambaye bado hajakuajiri ni mtu mgumu kumsahihisha. Hujui tabia yake, naye hajui yako. Nilijiambia kwamba Bwana angegundua mwenyewe siku ya kufunga hesabu zake. Nilijiambia pia kwamba namheshimu Mzee Kombo. Yote mawili yalikuwa kweli, na yote mawili yalinisaidia kunyamaza.

Jumatano tulipima shamba la Bi Mwanasha, mjane wa hapo Likoni, mtu wa ukoo wa zamani uliolima upande ule tangu mababu. Hati yake ilisema shamba lina urefu wa minyororo kumi, kuanzia jiwe la zamani karibu na msikiti hadi ukingo wa barabara. Tulianzia kwenye jiwe. Mimi nilishika kishikio cha nyuma. Tulipomaliza mnyororo wa kumi, mshale ulichomwa upande wa ndani wa safu ya mwisho ya minazi yake. Safu yenyewe ikabaki upande wa barabara.

Bi Mwanasha alikuwa amesimama hapo na buibui lake limeteremka mabegani. Hakumwuliza Bwana wala nyapara. Aliniuliza mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa karibu.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Hii minazi ya mwisho imo ama haimo? Maana marehemu aliniambia imo."

Nikamjibu, "Bwana ndiye ajuaye, mama."

"Wewe si ndiye uliyeshika?"

"Mimi nashika tu."

Aliutazama mnyororo, akanitazama, akasema, "Haya." Jiwe likasimamishwa kwa saruji alasiri ile.

Kikosi cha barabara kilitufuata nyuma kwa mwendo wa siku moja. Palipowekwa jiwe leo, kesho walifyeka. Hilo nililijua, na kila mtu pale alilijua. Alhamisi asubuhi niliposhuka kivukoni nilisikia mashoka. Nilipofika, minazi mitatu ilikuwa chini na wa nne ulikuwa unakatwa. Ilikuwa ndiyo minazi yake iliyozaa zaidi, kwa kuwa upande ule ulipata jua.

Sikumtafuta Mzee Kombo. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Mpima, aliyekuwa akisimamisha darubini yake, nikamwambia mbele ya watu, "Bwana, mnyororo una pingili tisini na tisa."

Alidhani nimetania. Nikaufungua, nikamwonyesha kiungo cheusi. Alihesabu kwa kidole, polepole, mara mbili, kisha akatuma mtu mbio kuwasimamisha wenye mashoka. Akauliza, "Nani ameunga hapa?"

 Mzee Kombo akatoka mbele, akavua kofia yake. "Mimi, bwana. Lori liliukata."

"Na wewe?" Bwana alinigeukia. "Umeona leo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna aliyejua ila Mzee Kombo, naye asingenisaliti. "Jumanne jioni, bwana."

"Jumanne. Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja Jumamosi uniandike."

Hakupandisha sauti. Alikuwa mtu wa kupanga maneno kama alivyopanga vigingi. "Mnyororo huu nilipaswa kuupima mimi kila Jumatatu. Juma hili sikuupima kwa sababu ya haraka. Basi kosa la mnyororo ni langu, na mipaka yote iliyopimwa nao tutairudia. Kombo ana kosa lake, nitazungumza naye. Lakini jana ni yako." Kisha akaongeza, "Nenda kwa mama yule. Umwambie wewe."

Nilimkuta Bi Mwanasha amekaa kwenye gogo la mnazi wa kwanza. Nilimwambia yote: pingili, futi sita, jiwe litakalong'olewa na kusogezwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na jana nilipokuuliza, ulikuwa wajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Ukaogopa nini? Mimi?"

"Niliogopa kukosa kazi."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa bei asiyoipenda lakini asiyoishangaa. Akawaita wale vijana wa mashoka, akawaambia wayaangue madafu yaliyokuwa bado juu ya magogo kabla hayajachacha. La kwanza alilikata mwenyewe, akanipa mimi. Nililinywa, kwa sababu alisimama akinitazama mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Haya, nenda kashike mnyororo wako. Na ukiulizwa na mtu, umjibu."

Jumamosi adhuhuri Bwana Mpima aliandika jina langu. "Nakuandika kwa sababu unajua kukunja mnyororo," alisema. "Hilo lingine tutaliangalia." Mzee Kombo hakufukuzwa, lakini alivuliwa unyapara, akawa mbeba fito pamoja na wale waliokuwa chini yake. Kwa muda wa miezi mingi hakunisemesha ila kwa lazima ya kazi. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa upande wake na kwa upande wangu. Mtu aliyekosekana ndani yake ni Bi Mwanasha, nami ndiye niliyekuwa nimesimama karibu naye.

Nilifanya kazi kwa Bwana Mpima miaka minne: Likoni, kisha Changamwe tulikopima viwanja vya nyumba za wafanyakazi, kisha upande wa Kisauni hadi Shanzu, ambako wakati huo hapakuwa na kitu ila mkonge na mchanga. Alipoondoka nilichukuliwa na Mpima wa Wilaya, mtu mkali aliyependa wino mweusi tu, na baada yake na Mkuu wa Ramani, aliyenifundisha kuchora. Nilipata unyapara, nikapata ufundi, na mwishoni mimi ndiye niliyeketi Jumamosi adhuhuri na daftari.

Yuko kijana mmoja aliyekuwa katika majaribio kwangu, aliyenisahihisha siku ya pili mbele ya wachukuzi wote: nilikuwa nimeandika pembe ya kaskazini mahali pa kusini. Nilikasirika. Nilikasirika mpaka kesho yake, nikamtafutia makosa, na nilimwandika Jumamosi huku moyo wangu bado haujatulia. Naeleza hivyo ili anayeuliza asidanganywe. Ukimwonyesha mwajiri mtarajiwa kosa lake, huenda hatafurahi, na huenda hatakuandika. Mzee Kombo hakunidanganya hata kidogo katika hilo. Mimi ninachoongeza ni kwamba wakati wewe na mwajiri mnapimana, saruji inakauka katika shamba la mtu wa tatu, na yeye hajui kwamba kuna jambo la kungojwa.

Nilipostaafu nilipewa barua nzuri. Inasema kwamba katika utumishi wangu wote hakuna kipimo changu kilichorudishwa kwa makosa. Nimeikagua kama ninavyokagua kila kitu, na ni kweli, kwa kuwa utumishi huo ulianza Jumamosi ile. Bwana Mpima aliandika katika taarifa yake habari za mnyororo, za lori na za jiwe lililosogezwa. Habari za Jumatano hakuziandika. Yeye hayupo, Mzee Kombo hayupo, na Bi Mwanasha alifariki zamani. Kwa hiyo nimeziandika mimi.