Nta Ndani ya Giaboksi

Mlio wa gia inayokwaruza mpaka leo ukinifikia hunichosha mwili mzima. Nimeusikiliza karibu maisha yangu yote ya kazi, na wenye magari wote huja na maneno yaleyale, kwamba gari jana lilikuwa zima. Hakuna gari lililokuwa zima jana.

Nilikuwa fundi Tabora wakati wa Mwingereza, vita vikubwa vilipokwisha, katika gereji ya mabati nyuma ya stesheni. Mimi ni Mzaramo. Nilifuata reli kutoka pwani nikidhani nitakaa msimu mmoja, nikaota mvi hukohuko. Na Mzaramo akiishi Unyamwezini anaishi kwa watani wake. Babu zao walipita kwetu na mizigo mabegani wakienda pwani, na utani ukazaliwa njiani humo. Mtani hukutukana kabla hujanawa uso, akachukua kofia yako kichwani, nawe huruhusiwi kununa. Ukifa, yeye ndiye mwenye kazi msibani. Ila ukimsalimia kwa adabu, atadhani unaumwa.

Mtani wangu mkubwa alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja Mwarabu mwenye duka mjini. Siku moja nilimwambia difu ya lori lake, lile bonge la gia la ekseli ya nyuma, imeibwa, naye akaingia uvunguni na suti yake ya kanisani. Akalipiza kwa kutangaza sokoni kwamba nimekufa. Wanawake wakaja kwangu na unga na vilio, wakanikuta nakula. Ndivyo tulivyoishi, na nilimpenda yule mtu.

Lori lenyewe tajiri alilinunua kwa mzungu wa tumbaku upande wa Urambo, aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao. Siku ya kulijaribu gia hazikutoa hata mguno. Baada ya muda zikaanza kulia, gia ya pili hasa, mpaka watu wa dukani wakawa wanatoka nje kutazama. Tajiri akamwita dereva wake, akamwambia, “Huo mguu wako ndio unaosaga gia. Lori hili likirudi limevutwa kwa kamba, kazi huna.” Na kazi ile ilikuwa inalisha mke, watoto na mama yake mzee kule Igalula. Shamba lao lilikuwa mchanga mtupu.

Dereva akaniletea lori asubuhi moja ya baridi ya kipupwe. Nikatazama klachi, inakata vizuri. Nikazunguka naye mjini nikiangalia miguu yake. Malori ya siku zile ulikanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, na yeye alikanyaga kama inavyotakiwa. Basi tukarudi, nikalala chini, nikafungua nati ya kumwagia oili chini ya giaboksi. Oili haikutoka. Nikachokoa kwa kidole, kikaja kibonge cha rangi ya kahawia kinachonukia asali.

Mtu alikuwa amejaza nta ndani ya sanduku la gia ili kunyamazisha gia zilizochakaa mpaka lori lipate mnunuzi. Nta huziba kelele, lakini haifiki kwenye beringi kama oili. Beringi zikikauka, mhimili unacheza, meno hayakutani sawasawa, yanasagana.

Nikatoka uvunguni nikamwonyesha kidole. “Wewe Mnyamwezi, gari lako limekuwa mzinga. Lina nta humu. Usiliondoe hapa mpaka nilifungue.”

Akanusa kidole changu, akacheka. “Mzaramo, leo umeishiwa. Unanifundisha mimi, mtoto wa warina asali, habari za nta? Hiyo umeitoa kwenye kopo lako.” Kweli nilikuwa na kopo la nta ya kupaka nyuzi na nati, na yeye alilijua lilipo.

“Nasema kweli.”

“Hata difu ilikuwa kweli.”

Gereji nzima ikacheka. Nikarudia, wakazidi kucheka, kwa sababu nilikuwa namwambia kwa mdomo uleule niliomtukania kila siku, na sikuwa na mwingine. Akaongeza oili kwa juu, akapanda, akaenda Nzega kuchukua pamba. Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. Mimi sikubali. Sikio lake lilikuwa zima, na alinisikia vizuri sana.

Lori lilirudi kwa kamba.

Tajiri alisimama kichwani pangu nikifungua mfuniko wa giaboksi. Gia ya pili imevunjika meno, beringi zimeungua, na nta imeganda kila pembe. Nikamwambia, “Tajiri, tazama mwenyewe. Dereva wako hana kosa. Aliyekuuzia ndiye aliyetia hii.”

Akanitazama, akamtazama dereva. “Ninyi si watani? Ushahidi wa mtani si ushahidi. Nta hiyo mmeitia wenyewe mfiche makosa yake.”

Nikaapa. Akasema watani nao huapa. Dereva akaweka ufunguo juu ya boneti akaondoka kwa miguu, na mimi nikabaki na hasira.

Kisha nikalitengeneza, maana ndiyo kazi yangu. Nilikwangua nta kwa vijiti, nikaosha kila gia kwa mafuta ya taa, nikatoa gia ya pili kwenye lori jingine bovu, beringi zikaja kwa treni. Nikatia oili safi. Dereva mpya akapanda, gia zikaingia kimya, zote. Tajiri akafurahi. “Umeona, fundi? Nilisema ni mguu wake.” Nilichoka. Nikaenda kunawa mikono.

Mtani wangu sikumwona kwa muda mrefu. Siku moja nilikwenda stesheni kupokea mzigo wa gereji, nikamkuta miongoni mwa wapagazi, gunia begani, shingo imelala upande. Akaniona, akasimama palepale na gunia lake. Utani nilikuwa nao mdomoni tayari, na mila iliniruhusu: Mnyamwezi, umerudi kwenye kazi ya babu yako. Naye alijua kwamba ninao. Alikuwa ameshaanza kutabasamu, anangoja nimtukane.

Sikuweza. “Habari za kazi, ndugu yangu,” nikasema.

Tabasamu likaondoka. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa ugonjwa wake hauponi.

“Nzuri, fundi,” akajibu, akapita na gunia lake. Hatukutaniana tena.