Dirisha Nililoliacha Wazi

Asubuhi ninayoikumbuka, mwanangu, niliamka mtaa wa Barani bila kujua niendako. Nilikuwa kijana, shule nilikuwa nimeiacha mapema, na chumba nilichopanga hapo Malindi kilikuwa kimeanza kunibana ingawa hakuna aliyenifukuza. Nilitia shuka na simu mkobani, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake, nikasimama barabarani. Lori la kwanza kusimama lilikuwa tupu, likienda bara kutafuta mahindi. Dereva wake, Katana, aliniuliza nitashukia wapi. Nikamwambia popote atakapochoka yeye. Akacheka, akanipakia.

Ndivyo nilivyokuwa. Niliondoka mahali kabla sijapazoea, nami nikidhani huo ndio uhuru. Kitu kimoja tu sikuwahi kukichoka, nacho ni kompyuta. Alinifundisha Maalim Shee, mzee wa Malindi aliyeanza maisha kwa kutengeneza redio, kisha akawa mwangalizi wa kompyuta za watu. Zile zake zinatumia mfumo uitwao Linux, hazina kioo wala mtu wa kukaa mbele yake. Hufungiwa huko ziliko, na mwangalizi huziingia kwa mtandao, akaandika amri akiwa mbali. Alinionyesha jinsi ya kuzifikia kwa simu yangu. Basi kila nilipokaa kungoja chai nilifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikachungulia mashine zinafanya nini, kama wengine wanavyochungulia picha za harusi za watu wasiowajua.

Tulifika Vitengeni mchana. Katana akaenda kuulizia mzigo, mimi nikaenda kutafuta mtandao. Niliupata mahali pamoja tu, barazani kwa bibi mmoja aliyekuwa akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huku bibi ni Hawe. Nawe umekuja kunipiga picha?"

"Hapana, Hawe. Naitwa Nasoro. Naomba kukaa kidogo, simu inashika hapa peke yake."

"Kaa. Wote hukaa hapo. Mikeka yangu yote imekwisha kwa ajili ya simu."

Nikakaa, nikafungua dirisha langu, nikaingia kwenye kompyuta ya Ngomeni, kijiji cha wavuvi alichokihudumia Maalim. Ile ilikuwa ndogo, ukubwa wa kitabu, ikitumia betri ya sola, na kazi yake ilikuwa kuangalia chumba baridi ambamo wavuvi na akina mama wachuuzi waliweka samaki wao. Umeme ukikatika, programu iliyomo huwasha jenereta. Nilitazama, nikaona mambo shwari, nikaiweka simu gotini na kuanza kumuuliza Hawe habari za mbegu zake. Dirisha sikulifunga. Kufunga vitu haikuwa tabia yangu.

Hatujamaliza habari za mbegu, ujumbe wa Maalim ukaingia. *Una dirisha lolote lililo wazi Ngomeni? Usilifunge. Nitafute kwa simu ya mtu mwingine.*

Simu yangu ilikuwa ya zile ambazo ukimpigia mtu, mtandao husimama. Nikamwomba Hawe yake.

"Moja haikutoshi?"

"Hii nimeshikia watu mlango, Hawe."

Alinitazama kwanza, kisha akaitoa kwenye fundo la leso. Nikaiwasha kipaza sauti ili mikono yangu iwe huru.

"Nasoro, nimekosea," ndilo neno la kwanza la Maalim. "Nimebadili masharti ya kuingia kwenye ile mashine. Nimeikataza isipokee tena neno la siri, ipokee ufunguo tu, lile faili linalomtambulisha mtu. Na ufunguo wangu sijauweka. Nimetoka, nikajifungia nje."

"Basi utaenda mwenyewe ukaifungue."

"Mvua imekata njia ya huko, mbele ya Gongoni. Na umeme wa Ngomeni umezima, jenereta haikuwaka. Programu imeganda."

Jenereta ile ilikuwa na swichi ya mkono, lakini ilikuwa imeungua tangu mwezi wa Shaaban, na kila mmoja alikuwa akimngojea mwenzake aitengeneze.

"Mle ndani mna nguru wa kijiji kizima," Maalim akasema. "Masharti mapya hayamtoi aliyekwisha kuingia, na aliye ndani ya ile mashine sasa ni wewe peke yako."

Papo hapo honi ikalia. Katana alikuwa amesimamisha lori njiani, kichwa nje.

"Nasoro! Mzigo uko Bamba. Twende, au umeshaposa hapo?"

Miguu yangu ilisimama kabla yangu. Nikasema, "Maalim, niizime niiwashe upya? Itajipanga yenyewe."

"Wewe kila jambo dawa yake ni kuondoka," akasema. "Ukiizima, na huo uzi ulioushika unakatika. Ikiamka itafuata masharti yangu mabovu, itukataze sote wawili, na samaki waoze mbele yetu. Hebu niambie, una haraka ya kwenda wapi?"

Nilikuwa nimezunguka mwambao wote, mwanangu, na hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo.

"Hata mimi nilitaka kujua," Hawe akasema, macho kwenye mahindi yake.

Nikampungia Katana mkono aende zake. Nikakaa tena.

Mimi nilitaka kuanza na jenereta, maana niliwawazia wale akina mama. Maalim akakataa. Mlango kwanza, akasema, kwa sababu uzi huu ukikatika huku tumeshika mambo ya samaki, tumekosa mlango na samaki pia. Basi nikafungua lile faili la masharti, nikarudisha ruhusa ya neno la siri. Nilikuwa tayari kuiamuru mashine ilifuate.

"Ikague kwanza," akasema.

Nikaiamuru ilikague. Ikanirudishia lawama: kuna mstari niliouharibu kwa herufi moja. Nikausahihisha, ikakagua tena, ikanyamaza, na kwenye Linux kunyamaza ndiyo sifa. Hapo ndipo nikaiambia isome masharti mapya bila kuzimwa.

"Sasa usiguse kitu. Nabisha mimi."

Tukangoja. Chaji ya simu yangu ilikuwa ikielekea mwisho, na Hawe, bila kuulizwa, akaniletea waya wa taa yake ya sola na kuuchomeka mwenyewe.

"Nimeingia," Maalim akasema.

"Nifunge langu?"

"Bado. Natoka, narudi tena. Kuingia mara moja huenda ni bahati."

Alitoka, akarudi, ndipo akashusha pumzi. Tangu hapo angeweza kuimaliza kazi mwenyewe, lakini aliniachia.

"Haya, huyo aliyeganda. Mwombe atoke mwenyewe, mpe nafasi ya kuweka vitu vyake chini. Akikataa, muue."

Hawe akaacha kupukuchua. "Nani anauawa barazani kwangu?"

"Programu, Hawe. Imeganda, haifanyi kazi."

"Hata shemeji yangu hafanyi kazi, na yu hai."

Maalim alicheka kule Malindi hadi akakohoa. Nikaiomba ile programu itoke, nikasubiri, haikutoka. Nikaitoa kwa nguvu. Nilipotaka kuianzisha upya kutoka kwenye dirisha langu, Maalim akanizuia tena. Ukiianzisha hivyo, akasema, imefungamana nawe, na ukiondoka huenda ikaondoka nawe. Nikamwachia mlinzi wa mashine yenyewe, yaani programu inayoamsha kazi zote za mle ndani, aianzishe na kuiangalia. Punde Maalim akapokea simu nyingine kutoka Ngomeni, akaturudia.

"Imewaka. Barafu ilikuwa imeanza kulainika, lakini samaki wazima."

Nikamrudishia Hawe simu yake. Jua lilikuwa limeteremka, na vumbi la lori la Katana lilikuwa limetua zamani.

"Utalala wapi?" akaniuliza.

"Sijui, Hawe."

"Chumba cha mwanangu kitupu, yuko Mtwapa. Kitanda nimekisuka kamba mpya. Jioni kuna sima na mboga ya mchunga. Kesho utapukuchua."

Nilipukuchua kesho yake, na kesho nyingi zilizofuata.

Sasa ndevu zangu zina mvi, na nimeona vijana wengi wepesi wa vidole kuliko nilivyokuwa. Ninalokuambia ni hili. Unapobadili njia unayopitia, usifunge ya zamani mpaka ile mpya ameijaribu mtu mwingine, akatoka na kurudi. Ukikosea, sema umekosea katika neno la kwanza, kama Maalim, maana kama angeona haya hata kidogo tu, mimi ningekuwa kwenye lori la Bamba na dirisha nimelipoteza njiani. Usikimbilie kuzima na kuwasha, iwe mashine au maisha. Lililoganda liombe kwanza. Na kazi yoyote utakayoiacha, iache mikononi mwa atakayebaki, isife kwa sababu umefunga simu yako na kwenda zako. Kuondoka sikukatazi, nitakukatazaje mimi? Ila kwanza jiulize lile swali, una haraka ya kwenda wapi, na ukikosa jibu, kaa kidogo.

Mungu akuwekee uzi mmoja usiokatika siku ile nyuzi zote zitakapokatika. Na kila utakapofika jioni mahali usipopajua, akukutanishe na mtu wa kukuuliza utalala wapi, naye awe na kitanda chenye kamba mpya.