Nyuzi Nilizokaza Nakuru

Sauti ilikuwa imemwisha, na wa mwisho kujua alikuwa yeye mwenyewe. Mwaka 2007, baada ya miaka mingi ya kukaa nyumbani, yule mama ambaye zamani kila redio ilipiga nyimbo zake alirudi jukwaani. Aliyegharamia safari alikuwa Mhindi mmoja wa Nakuru, muuza redio, aliyempenda tangu ujana. Tungeanza Longonot na Gilgil, kisha Nakuru. Nakuru ikienda vizuri, tungeendelea Eldoret, kisha tumalizie Nairobi. Mimi nilipiga gitaa la solo.

Mazoezi ya kwanza, alipofika kwenye kiitikio, sauti ilikatika. Hatukucheka. Kesho yake niliwaambia wenzangu tulegeze nyuzi kabla hajaingia, ili wimbo ushuke pale anapoweza kuufikia. Waimbaji wazee hufanyiwa hivyo, lakini huambiwa. Sisi hatukumwambia. Aliimba hadi mwisho, akatutazama kwa maringo.

"Mnaona?" akasema. "Dhahabu haishiki kutu."

Longonot walicheza. Gilgil akina mama walipanda jukwaani kumfunga leso kiunoni, na hapo sifa zikampanda kichwani. Akaanza kututukana. Tatizo ni kwamba gitaa lililolegezwa halilii sawasawa, na masikio yake yalikuwa bado mazima.

"Wewe, gitaa yako imelala," aliniambia Jumapili mchana, tukijipanga kwenye ukumbi wa Nakuru, wahudumu wote wakisikia. "Ulifunzwa na nani, fundi wa viatu? Leo mpige kama kwa rekodi!"

Baba yangu alikuwa fundi wa viatu. Mwimbaji wetu, ambaye sote tulimwita Mama, alijua, maana nilimwambia mimi mwenyewe njiani, tukipiga gumzo. Nilisikia hasira hadi kwenye vidole.

"Sawa, Mama," nikajibu, nikaenda nyuma nikakaza nyuzi zote.

Mpiga besi alinifuata. "Boss, leo hatushushi?"

"Si amesema kama kwa rekodi?"

Alinitazama kidogo, kisha naye akakaza zake. Ningeweza kumkataza. Sikutaka.

Ukumbi ulijaa, muuza redio na mkewe wakiwa viti vya mbele. Ubeti wa kwanza Mama aliuvuka kwa kujikaza, mishipa ya shingo imemtoka. Kiitikio kikamshinda kabisa. Kikatoka kikohozi. Mjanja yule, akawaelekezea watu maikrofoni, nao wakamwimbia. Mara ya pili alipowaelekezea, walikuwa wanacheka.

"Mathe, enda home ulee wajukuu!" kijana mmoja akapaza sauti.

Kwenye bendi yetu gitaa la solo ndilo huamua kiitikio kiishe lini. Nilikirudia mara ya tatu, na ya nne. Sitadanganya, nilisikia raha.

Nilimkuta chumba cha nyuma amekaa juu ya spika, kilemba mkononi.

"Umepandisha nyimbo," akasema.

"Nimepiga kama kwa rekodi, Mama."

Hakuwa mjinga. "Na Gilgil?"

"Gilgil tulikushushia."

"Longonot?"

"Tangu mazoezi."

Aliuchunguza uso wangu kuona kama namtania. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayeomba, "Na mwenye safari, anajua?"

Muuza redio hakujua lolote. Yule mtu aliamini kila noti aliyoisikia.

"Anajua," nikasema. "Yeye ndiye alituambia tukushushie. Alikuonea huruma."

Hapo ndipo alipolia. Matusi ya ukumbini hayakuwa yamemliza.

Muda si muda muuza redio akaingia na kikombe cha chai ya tangawizi, amekishika kwa mikono miwili. "Pole sana, Mama. Hii ni homa tu. Nimewaambia watu ni homa. Tupumzike wiki mbili, halafu Eldoret, ama?"

Mama alimtazama kwa chuki, na mtu yule hadi leo hajui alimkosea nini.

"Usinionee huruma wewe," akamwambia, akachukua mkoba wake akatoka. Hakuimba tena. Nilibaki na muuza redio, naye akanipa mimi ile chai, nikainywa.