Majina Aliyoyabeba Kichwani

Kwa miaka kadhaa, mmoja wetu tunaozungumza Kiswahili akifariki Dallas au Fort Worth, hapa Texas, simu ililia kwangu. Si kwamba nina cheo chochote. Nafanya kazi ya ofisini Irving, napanga rekodi za wagonjwa. Lakini kuna siku kanisani walikosa mtu wa kuandika wasifu wa marehemu kwa Kiswahili, nikajitolea, na tangu hapo kazi ikawa yangu. Familia iliniletea tarehe ya kuzaliwa, shule, ndoa na watoto. Nilizipanga, nikaongeza kwamba marehemu alikuwa mpole, mcheshi na mcha Mungu, kisha nikasoma kwa sauti niliyoifanyia mazoezi bafuni. Watu walilia, nami nikadhani naiweza kazi hiyo.

Nilijiona hivyo mpaka siku ya mazishi fulani Mansfield. Tulikuwa tumemzika dereva aliyewabeba wafanyakazi wa hoteli za karibu na uwanja wa ndege kwa basi lake dogo. Tuliporudi kwenye ukumbi wa kanisa kula, mama mmoja mzee alikuja akasimama mbele yangu. Alikuwa amevaa kitenge na raba nyeupe za kazi. Alipofungua kinywa, kwa lafudhi tu nilijua ni Mkongo.

"Mwanangu," akasema, "ile karatasi ulisoma haiko yake. Iko ya kila mutu."

Nilicheka kidogo, nikidhani ananitania. "Mama, habari zote nilipewa na familia."

"Huyu baba hakukuwa mupole. Alikuwa mukali! Ukichelewa kidogo, anakuacha." Alinisogelea. "Lakini siku nilianguka kwa barafu, alizima gari, akanibeba mugongoni mpaka hospitali, mbele ya batu bote. Hiyo uliandika?"

"Sikuijua, mama."

"Bon. Basi leo umezika mutu mwingine."

Akachukua sahani yake akaondoka. Niliendesha gari hadi nyumbani nimekunja uso, nikijitetea peke yangu. Nani alikuwa amemwomba maoni? Lakini usiku ule nilitoa nakala za wasifu wote niliokuwa nimeuandika, nikazisoma moja baada ya nyingine. Ningeweza kubadilisha majina na hakuna ambaye angegundua. Wote walikuwa wapole. Wote walikuwa wacheshi. Niliona aibu ambayo sijawahi kumweleza mtu.

Wiki mbili baadaye nilipanda treni hadi Vickery Meadow, ambako kanisani waliniambia anaishi, nikatembea katikati ya yale majengo ya ghorofa yanayokaliwa na wakimbizi, nikiuliza mlango kwa mlango. Aliponifungulia hakushangaa.

"Nimekuja unifundishe," nikamwambia.

Alinipa chai na mihogo ya kukaanga, akangoja nimeze kwanza.

"Unauliza vibaya," akasema. "Unauliza alizaliwa lini, alisoma wapi. Hiyo hata serikali inajua. Uliza hivi: alikuwa anakataa nini? Pale utamuona mutu."

"Na wewe ulijifunzia wapi haya?"

Alijigusa kichwa. "Mi sijui kusoma, mwanangu. Yangu yote iko humu."

Ndipo akanisimulia. Vita vilipofika kwao, alikuwa mama kijana mwenye mtoto mchanga mgongoni. Walikimbia kwa miguu, siku nyingi, msituni. Watu walikufa njiani, wakazikwa upesi upesi bila alama, bila maombi marefu, kwa sababu waliobaki walipaswa kuendelea kutembea. Hakuna aliyekuwa na karatasi. Akajiambia kwamba kama hakuna wa kuandika, basi yeye atashika. Kila aliyezikwa, alichukua jina lake na jambo moja tu kumhusu. Kila asubuhi, kabla hawajaanza safari, aliyarudia yote kutoka la kwanza hadi la mwisho, kwa mpangilio uleule.

Katika kambi ya wakimbizi, ambako waliishi miaka mingi, habari zake zilienea. Waliofika nyuma yao walikuja kumuuliza: ulimwona kaka yangu? Ulimwona mama? Naye aliwajibu. Aliwaambia walimzika wapi, karibu na mto gani, na marehemu alikuwa mtu wa namna gani siku zake za mwisho. Watu hao walilia, lakini walimshukuru, kwa sababu walikuwa wamekaa miezi au miaka bila kujua kama wangoje au waweke matanga.

"Na hapa Amerika?" nikauliza.

"Hapa nilisafisha vyumba vya hoteli. Kitanda kimoja, mutu mumoja. Nikimaliza vitanda, nimewapitia bote."

Nilitoa daftari kwenye mkoba. "Mama, naweza kuandika?"

Alilisogeza lile daftari karibu yangu. "Andika," akasema. "Nimekuwa nikiogopa kufa nao."

Kiangazi chote kile, kila Jumamosi, nilikuwa kwake. Alikuwa akifumba macho na kuanza. Palikuwa na mwalimu aliyekataa kutupa chaki zake, akafa zimo mfukoni. Palikuwa na mwanamke msusi wa mikeka aliyekataa kutembea nyuma ya mumewe hata njia ilipokuwa nyembamba. Palikuwa na mtoto wa kike aliyekataa kubebwa kwa sababu, alisema, yeye si mzigo. Kila nilipomkatiza kuuliza tahajia ya jina, ilimbidi arudi mwanzo, kwa hiyo nilijifunza kunyamaza na kuandika haraka. Nilikuwa nikitoka pale nimechoka kana kwamba nimetembea pamoja nao, lakini kichwa changu kilikuwa juu. Kila jina lililoingia daftarini lilikuwa limenusurika.

Mwaka huohuo figo zake zikaanza kumwangusha. Akawa anakwenda kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na siku moja aliniambia bila kuzungukazunguka: "Sasa andika yangu. Lakini mi nataka kuisikia nikiwa hai. Sitaki unizike kama yule dereva."

Nilimpigia binti yake simu. Ni muuguzi huko Houston, ndiye yule mtoto aliyebebwa mgongoni. Alinijibu kwa Kiingereza, kwa heshima lakini kwa haraka, kwamba mama yake ni mtu mwema, amesafisha hoteli, amesali, na kwa kweli hakuna mengi ya kuandika.

"Dada yangu," nikamwambia, "njoo Jumamosi moja tu ukae nasi."

Alikuja. Aliketi kwenye mkono wa kochi, funguo za gari mkononi, kama mtu asiyepanga kukaa. Mama yake alifumba macho akaanza safari yake ya majina. Binti alikuwa akiitazama simu. Kisha akaiweka chini. Kisha akashuka akakaa sakafuni, karibu na miguu ya mama yake.

Alipofika karibu na katikati ya orodha, mama alitaja mwanamume mmoja. "Huyu alikataa kula kama kuna mutu hajapata. Akiogopa, alikuwa anapiga mluzi, ili sisi tusiogope." Akafumbua macho. "Huyu ni baba yako."

Binti alijua kwamba baba yake alifia njiani. Hakuwa amejua kingine chochote. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea Kiswahili.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Haukuuliza. Na mi niliogopa. Nikimutoa kwa mustari, nikimulilia peke yake, wale wa nyuma yake batapotea."

Walishikana. Mimi nilikwenda jikoni kuosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi. Niliporudi, mama alikuwa akimfundisha binti yake ule mluzi, na wote wawili walikuwa wakicheka na kulia kwa pamoja.

Wasifu wake nilimsomea Jumapili moja mchana, binti akiwa pembeni. Nilipofika kwenye sentensi moja aliinua mkono.

"Mupole? Toa hiyo."

"Mama, kidogo tu."

"Toa!"

Nikaitoa. Nilisoma mpaka mwisho, habari za msitu, za kambi na za vitanda vya hoteli. Alikuwa amekaa wima kama mtu anayepigwa picha. Nilipomaliza akanipa mkono rasmi kabisa, kama wanavyofanya wakubwa wakikubaliana. "Sasa iko mimi," akasema.

Alifariki majira ya kuchipua, nyumbani kwa binti yake Houston. Niliandika tanzia fupi, nikaeleza alichokuwa amekibeba, tukaituma kwenye makundi ya simu ya Wakongo, Wakenya na Watanzania. Nilitegemea watu wachache. Siku ya ibada, maegesho ya kanisa yalijaa hadi wenye magari wakaegesha kando ya barabara. Wengine walikuwa wameendesha kutoka majimbo ya mbali.

Nilipotaka kusimama kusoma, binti alinigusa bega. "Acha nisome mimi." Kiswahili chake kilijikwaa hapa na pale, lakini hakuacha hata neno moja. Alipomaliza wasifu, akafungua lile daftari.

"Mama yangu aliwabeba hawa," akasema. "Leo tutawasoma. Ukisikia mtu wako, simama."

Alisoma jina la kwanza. Kimya. La pili. Kimya. Nikaogopa kwamba tumewaaibisha wote, walio hai na waliokufa. Alipotaja yule msusi wa mikeka, mzee mmoja aliyevaa sare ya ulinzi alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi.

"Ni mama yangu," akasema. "Nimemtafuta tangu siku za vita."

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuzuia kitu. Jina moja, mtu akasimama. Jina jingine, familia nzima ikasimama, na watoto waliozaliwa hapahapa Texas wakashikwa mikono. Vigelegele vikaanza upande wa akina mama. Mchungaji alikunja karatasi ya ratiba akaitia mfukoni. Watu ambao walifukiwa bila wimbo waliimbiwa siku ile, kila mmoja kwa jina lake, na hakukuwa na uso mmoja uliotazama chini. Nimehudhuria mazishi mengi. Sijawahi kuona watu wakitoka kanisani wakitembea namna ile, kifua mbele, kama waliotoka kushinda.

Mimi na binti yule tulichapa lile daftari likawa kitabu kidogo, na kila familia ilichukua chake. Mzee wa sare ya ulinzi alituma kimoja nyumbani kwao Kongo, na kanisa la kule likaamua kukisoma chote katika ibada moja. Siku ya ibada hiyo niliendesha mapema hadi kwa binti, Houston. Tuliweka simu mezani jikoni, sauti juu, tuisikilize ibada moja kwa moja, na watoto wawili wa binti wakaja kukaa nasi bila kuitwa. Mtandao ulikatika mara mbili ukarudi. Tukasikia msomaji akitaja jina la baba wa binti yule, na watu, tusiowafahamu, wengi mno, wakaitikia kwa pamoja kwamba wanamkumbuka.